Dawa Mbili na Kikapu cha Halua

Tangu nirudi, nyumba yangu haijapata kupumua. Anaingia huyu, anatoka yule, na kila mmoja hukaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, akanitazama tumbo kwanza halafu uso, kisha akasema, "Ehe, hebu tueleze." Nimeeleza mpaka sauti imekauka. Na kila nikifika mahali patamu, mdogo wangu Athumani, aliyesafiri nami, hunikatiza ili kunisahihisha. Basi nimeamua kuandika. Mwenye kutaka habari asome, na Athumani kama ana lake aandike ya kwake.

Kwa asiyenijua, mimi ni Zena, mpishi wa maharusi hapa Mji wa Kale. Kama uliwahi kula pilau ya arusi mtaani kwetu ukaona haya kuomba ukoko lakini ukauomba, basi huenda ulikula mkono wangu.

Nilikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe mtaani kwetu hautajwi. Huitwa "yale maradhi", na anayesema hivyo hushusha sauti na kutazama vidole vyake vya miguu. Yale maradhi yangu yalikaa kwenye ovari, vile vifuko vya mayai alivyo navyo kila mwanamke tumboni. Nilipasuliwa, nikatiwa dawa ya mshipani hapa hapa Mombasa, nikapata nafuu na kurudi kwenye masufuria yangu. Kisha tumbo likaanza kujaa maji. Waliyatoa kwa sindano na mpira, yakarudi. Daktari wangu akaniambia ukweli: ugonjwa umeizoea ile dawa, haiushtui tena. Limebaki jambo moja. Nairobi kuna daktari anayeitia dawa ile ile pamoja na nyingine mpya, zote mbili kwa mpigo. Hizo mbili zikishindwa, alisema, yeye hana mahali pengine pa kunipeleka.

Ndiyo safari yenyewe. Mambo ya tiketi na makaratasi siyasimulii, hayana utamu.

Kutoka mlangoni hadi Mwembe Tayari

Mtaani niliaga kwamba nakwenda kumtazama Mwanaidi, binti wa marehemu dadangu, anayekaa Pangani kule Nairobi. Kila mtu alijua siyo, na kila mtu akaitikia, "Msalimie sana."

Sasa mwaijua desturi yetu. Mtu akisikika anasafiri, mizigo humjia yenyewe. Huyu ana mwana chuoni, yule ana mkwe, mwingine ana shoga aliyeolewa huko bara na hajaonja achari ya ndimu tangu arusi yake. Kukataa mzigo ni lazima utoe sababu, na sababu yangu ndiyo ile isiyotajwa. Basi nikapokea. Nilipokea vileja, mikate ya mofa, kashata, mitungi ya achari, na mwisho akaja Bi Nuru, jirani yangu wa mlango kwa mlango, na kikapu cha ukili ambacho ungeweza kumlaza mtoto ndani yake.

"Shoga, kadogo tu haka," akasema. "Halua ya mkwe wangu. Wajua kule hawana halua, wana kitu tu wakiita halua."

"Haka ndiko kadogo?"

"Athumani si yuwenda nawe? Atakubebea." Kisha akanitazama vizuri. "Ama kama hujisikii vyema, sema, shoga."

Nikamtazama na yeye. Sote wawili tulikuwa tunajua.

"Lete," nikamwambia.

Athumani ni karani wa godauni moja Shimanzi, na maisha yake yote ni kuhakikisha kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka. Ana wasiwasi tangu tumboni kwa mama. Asubuhi ya safari alikuja na mwavuli, tochi na kamba. Alipoona vikapu vimejaa ukumbi alishika kichwa, akaenda kutafuta hamali mwenye mkokoteni. Tukapita vichochoro vyetu kama msafara wa bibi arusi, hamali mbele akipiga kelele "Pisha! Pisha!", vikapu katikati, mimi nyuma nikitembea polepole na tumbo langu likitangulia ndani ya buibui.

"Bi Zena, wahama?" aliuliza muuza kahawa.

"N'ende wapi, na nyinyi muna madeni yangu ya pilau?" nikamjibu, akacheka. Nami nilicheka mpaka tukapinda kona, kisha nikasimama kushika ukuta, maana pumzi ilikuwa imekwisha.

Makupa hadi Voi

Ulikuwa mwaka wa zile mvua za Elnino. Makupa penyewe tulikaa mpaka jua likawa kali, malori ya bandarini yamepangana hadi Changamwe, yakinguruma hayaendi. Athumani alikuwa akiyatambua moja moja kwa namba na kunieleza limebeba nini. Nilimwacha. Mtu mwenye hofu akipata cha kuhesabu hutulia.

Upande wa pili wa njia katikati ya basi alikaa mama mmoja wa Kikamba, mpana, mchangamfu, anafuma kwa sindano mbili bila kuzitazama. Alijitambulisha kuwa Mama Mutua. Alikuwa ametoka kumtembelea binti yake aliyeajiriwa Likoni, na yeye mwenyewe huuza machungwa pale Emali, mabasi yanaposimama. Tulipoanza kupanda kuelekea Mariakani aliinama kwangu akashusha sauti.

"Mama, hii iko ya miezi ngapi?"

"Ipi?"

"Hii ya tumbo."

Jamani, hamsini nimekwisha kuiacha nyuma! Athumani alikuwa anatafuna korosho, zikampalia. Alipopata sauti akafungua mdomo kusahihisha, nikamkanyaga mguu. Kwa nini nilimkanyaga? Kwa sababu ukisema hii si mimba, swali linalofuata ni basi ni nini, na hilo sikuwa na ulimi wa kulijibu.

"Bado kidogo," nikasema.

"Usione haya, mama. Hata Sara bibi ya Abrahamu alizaa akiwa mzee."

"Sara twamjua na sisi. Mke wa Nabii Ibrahimu."

"Basi unajua vile alicheka!" akasema, naye akacheka, sindano zake zikiruka. "Na wewe cheka. Hii ni baraka."

Nikacheka. Wallahi nilicheka kwa moyo, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu kulitazama tumbo langu kwa furaha. Akanipa vijiwe vya udongo vile wanavyotafuna wajawazito. Nilikitafuna kimoja kwa adabu. Kwa anayetaka kujua, ladha yake ni ya ukuta ulionyeshewa mvua, na unataka chumvi.

Voi tulishuka kunywa chai. Mandazi ya pale sitayasema vibaya, ila niliona mtu akilitia moja kwenye chai, akalisubiri, akakata tamaa, akalitia mfukoni.

Mahali mto ulipokula barabara

Mbele ya Voi kuna mto ambao siku zote ni mchanga mtupu, mbuzi hulala ndani yake. Siku hiyo ulikuwa umeamka. Maji mekundu yalikuwa yamechukua kipande cha barabara na kwenda nacho, na huku na huku ya maji magari yamesimama kimya. Dereva akazima moto, akashusha kiti chake, akajifunika kofia usoni. Hapo nikajua kwamba kwa siku hiyo pale ndipo nyumbani.

Mimi nilitakiwa kwa daktari kesho yake asubuhi. Dawa ile mpya ilikuwa adimu. Nimeambiwa fungu langu limewekwa, nisipofika atapewa mwingine anayengoja. Nikawa natazama maji. Tumbo linanibana mbavu, nimekaa siwezi, nimesimama siwezi. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba nitakufa kwa sababu ya mto usio na hata jina ninalolijua.

Mama Mutua akaniona nahema. Akaja kukaa kwenye kiti cha Athumani, akanilegeza fundo la kanga kiunoni, akawa ananisugua mgongo taratibu kwa mkono mzima. "Anasukuma," akasema. "Ni wa nguvu huyu." Machozi yalikuwa yananitoka. Alisugua mpaka nikapata pumzi.

Kufika alasiri watoto walianza kulia njaa. Hapakuwa na duka, hapakuwa na kibanda. Nami nimeketi na vikapu vya watu. Nikamwambia Athumani, "Fungua."

"Dadangu, hiyo ni amana ya watu!"

"Na hawa si watu?"

"Bi Nuru atasema n'ni?"

"Bi Nuru yuko Mombasa, amekula mchana. Fungua."

Mkono wa mpishi ukikaa mbele ya chakula hujua kazi yake. Nilimweka Athumani kukata halua, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani atakayekata vipande sawasawa vile. Mikate ya mofa tukaipasha juu ya moto wa vijiti waliouwasha mautingo. Achari nikaigawa kwa kijiko, nikiwaonya watu wa bara kwamba inauma, wasinisikie, kisha nikawasikia wao. Mzee mmoja alirudi mara tatu, kila mara akiniambia ni kwa ajili ya mgonjwa aliyeko nyuma. Sikumwona mgonjwa. Halua ya mkwe wa Bi Nuru ikaisha mpaka kikapu kikabaki na harufu, na basi zima likawa linaniita mama.

Usiku tulilala vitini. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka, lakini dereva wetu akatazama matope akasema hapeleki basi pale mpaka aone mwingine amepita. Ndipo Athumani akaniaibisha kwa jambo jema. Aliona lori limejipanga mbele, akasoma namba yake, akaanza kukimbia na mwavuli wake akipiga kelele, "Mwakombo! Mwakombo!" Kumbe ni dereva anayepakia kwenye godauni lao kila wiki. Athumani huwa anamchelewesha kwa kuhesabu magunia mara mbili. Nilidhani Mwakombo ataikumbuka hiyo. Aliikumbuka, akamtukana kwanza vizuri, kisha akaniambia, "Mama, ingia mbele."

Lilikuwa limebeba mchele. Niliuona kidogo uliomwagika: wa Pakistani, mrefu, wa mwaka uliopita, mchele wa kuheshimu.

Tulipokuwa tunaondoka Mama Mutua alikuja mbio dirishani akanirushia alichokuwa anafuma. Ilikuwa kofia ya sufu ya manjano. "Ya mtoto!" akasema. "Imekuwa kubwa kidogo. Barabara ilikawia, na mimi nikiwa na wasiwasi siwezi kuacha mkono." Kidogo! Ingemwenea Athumani. "Atakua," akasema. "Ukirudi, simama Emali unionyeshe yeye."

Nikamwambia nitasimama. Nifanyeje? Mzigo ni mzigo.

Pangani

Tulifika Nairobi jioni, saa ya daktari imekwisha kupita. Mwanaidi alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, akidhani basi limesombwa. Aliniambia amekwenda hospitali mwenyewe asubuhi, akasimama mbele ya chumba cha dawa, akawaambia mama yake mdogo yuko njiani na wasimpe mtu fungu lake. Walimwambia akae pembeni. Akakaa pembeni mpaka wakafunga. Sikujua kwamba mtoto yule mpole ana ukaidi wa kiasi hicho, na nilifurahi kuuona.

Kuhusu chakula cha Nairobi nitasema kwa ufupi kwamba watu wale wana mboga nzuri na hawajui la kuzifanya. Chai yao ni maziwa yaliyosikia habari za majani. Na baridi! Nililala na soksi za Athumani.

Kesho yake, kabla sijatoka, mlango ukagongwa. Mkwe wa Bi Nuru amefuata halua yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "halua imeliwa na basi."

Akanitazama kwa heshima. "Basi lote, Bi Zena?"

"Isipokuwa dereva. Yeye ana ugonjwa wa sukari."

Alinywa chai akaenda zake, na najua alimpigia simu mama mkwe wake siku hiyo hiyo, maana habari ilifika Mombasa kwamba Zena amepita njiani akila mizigo ya watu kwa kuwa hali yake imekuwa nzuri mno. Mtaa mzima ukashukuru Mungu.

Viti vya dirishani

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani na viatu vya raba. Fungu langu lilikuwapo bado. Alinipima, akatazama picha zangu, akanikalisha.

"Dawa ya kwanza si mbaya," akasema. "Ni ugonjwa umejifunza kujikinga nayo. Tukiirudisha peke yake, ni kazi bure. Lakini hii mpya inaushambulia kwa njia nyingine. Tukizitia pamoja, kuna wagonjwa ambao ugonjwa unarudi nyuma."

"Nimekufahamu," nikasema. "Ni kama nyama ya ng'ombe mzee. Moto peke yake hauilainishi, utamaliza kuni bure. Lakini ukiipaka papai bichi kwanza, halafu moto, itakubali."

Alivua miwani akacheka. "Nitawaeleza wengine hivyo. Ila Bi Zena, kuna nyama haikubali hata kwa papai. Mimi siahidi."

"Nazijua. Huwa nazisaga."

Tulitiwa dawa kwenye viti vilivyopangwa karibu na dirisha, wanawake tumekaa kama tunasubiri kusukwa, kila mmoja na chupa yake juu. Ilichukua mchana mzima, kisha unarudi nyumbani kuugua, unapata nguvu, na wiki ya kuzoea afya ikifika unaitwa tena. Hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mvua zikaisha. Athumani alirudi kazini, Mwanaidi akawa ndiye mkono wangu.

Nywele zilitoka zote kwa asubuhi moja, nikaziokota kwenye mto. Nilijipa moyo kwamba hazionekani chini ya mtandio, kisha ile baridi ikanishika utosini, nikakumbuka kofia ya manjano. Ilinienea barabara. Kofia ya mtoto, jamani, ikanikaa kama nilipimwa. Nilicheka peke yangu mbele ya kioo mpaka Mwanaidi akaja kutazama kuna nini.

Nywele sikuzilia sana. Niliulilia ulimi. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari: wali msumari, ndizi msumari, hata maji. Na ncha za vidole zikafa ganzi, nikashika sufuria ya moto bila kujua mpaka niliponusa ngozi. Mpishi asiyeonja na asiyehisi, amebaki nini? Hilo swali lilinikalia kifuani kuliko hata kifo, nawaambieni kweli. Jirani yangu wa kiti, mwanamke wa Kisumu niliyemtangulia mzunguko mmoja, ndiye aliyeniponya siku hiyo. Nilikuwa nimepika uji wa tangawizi na ndimu, nimeubeba kwenye chupa bila kujua umekuwaje. Akauonja. "Ongeza sukari," akaniambia. "Na mimi siku hizi sukari tu ndiyo nasikia." Basi tukawa hivyo. Mimi napika kwa kumbukumbu, wao wananiambia imekosa nini, na kila mmoja anasema lake kwa sababu kila ulimi umeharibika kwa namna yake. Sijapata kupika vibaya vile, wala kushukuriwa vile.

Kati ya mzunguko mmoja na mwingine niliona kanga zangu zinalegea. Nikafikiri ni kukonda. Sikusema kitu, nisije nikajidanganya.

Mwisho wa dawa nilipigwa picha ya tumbo. Daktari alinikalisha kwenye kiti changu cha dirishani, akazipanga picha zile, ya zamani huku, mpya huku.

"Maji yamekauka," akasema. "Vivimbe vimenywea. Hiki cha kushoto sikioni tena."

"Nimepona?"

"Sijasema hivyo, na sitasema. Nasema dawa mbili zimefanya kazi ambayo moja ilishindwa. Utakuwa unarudi tukutazame. Sasa nenda nyumbani, Bi Zena."

Nililia kwa sauti, pale pale, mbele ya watu, na Mwanaidi naye akalia, na yule wa Kisumu akapiga kigelegele kutoka kwenye kiti chake mpaka muuguzi akaja kumtuliza asichomoe sindano.

Emali

Athumani alikuja kunichukua. Barabara ilikuwa imezibwa zibwa, basi likienda kwa kurukaruka, nami nilikuwa nimevaa kofia ya manjano chini ya mtandio. Kuanzia Machakos nilikuwa najiambia nisishuke. Mama yule atakuwa amesahau. Anaona abiria wangapi kwa siku?

Basi liliposimama Emali wauzaji wakaja mbio na mabeseni, na wa mbele ni yeye. Sikupata kujificha. Alinitambua kwanza usoni, akaangua kicheko. Halafu macho yakashuka tumboni. Halafu mikononi, ambako kulikuwa na mfuko tu. Beseni likamtoka, machungwa yakaenda chini ya basi.

"Ngai!" akasema. "Mtoto?"

Kabla sijapata neno amenikumbatia, analia kwa sauti ya msiba, na wenzake wauza machungwa wanatuzunguka wakisema pole, pole mama, Mungu amempenda zaidi. Utingo akavua kofia. Dereva aliyekuwa anapiga honi akaacha. Athumani amesimama mlangoni anatazama huku na huku, hana la kusahihisha.

Ningeweza kunyamaza. Ningepokea pole zangu, ningepanda, na habari ingeishia pale. Lakini mama wa watu alikuwa analia kilio cha kweli kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwapo, na mkono wake ulikuwa unanisugua mgongo vile vile kama kule mtoni. Sikuweza.

"Mama Mutua," nikasema, "hapakuwa na mtoto. Ilikuwa ni kansa. Kansa ya ovari. Lile tumbo lilikuwa maji."

Nilikuwa sijapata kulitamka neno hilo kwa mdomo wangu. Lilitoka jepesi.

"Kansa," akasema, akinitazama. "Na sasa?"

"Sasa nimetiwa dawa mbili kwa pamoja, na maji yamekauka. Na kofia yako nimeivaa mimi."

Nikasukuma mtandio nyuma, buibui na kila kitu, mbele ya stendi nzima. Akaiona. Akanyoosha mkono akaivua taratibu, na chini yake palikuwa na zile nywele zangu mpya, laini, chache, zimeanza tu kuota. Akazipitishia kiganja.

"Ni kama ya mtoto mchanga," akasema. Kisha akaanza kucheka huku bado analia. "Si nilikuambia iko mtoto!"

Tulicheka mpaka dereva akarudi kwenye honi yake. Alinijazia mfuko machungwa, akanirudishia kofia kichwani kwa mikono yake, akaivuta hadi masikioni.

Mlango kwa mlango

Nilifika mtaani alasiri. Hata sijavua viatu Bi Nuru amekwisha ingia, akakaa kile kiti cha karibu na mlango.

"Mwanaidi hajambo?"

"Hajambo. Halua ya mkwe wako niliwapa watu njiani."

"Nalisikia. Umefanya vyema." Akatazama vidole vyake. "Na wewe? Yale... wajisikiaje?"

Nikamwambia. Sikushusha sauti. Nilisema kansa, nikasema ovari, nikasema tumbo lilivyojaa maji, dawa ya kwanza ilivyoshindwa na mbili zilivyofanya kazi, na kwamba daktari haahidi. Nilingoja aseme "Mola atakuafu" ainuke, kama wanavyofanya wote. Hakuinuka. Alikwenda akausukuma mlango ukafunga, akarudi.

"Shoga," akasema, "kwako lilianzaje?"

"Kujaa jaa. Unakula kidogo washiba. Kiuno chauma, wadhani ni uzee."

Akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo lake, chini ya kanga. Lilikuwa gumu, limekazika.

"Tangu mvua zile," akasema. "Siyui kama ndiyo, shoga. Sikumwambia mtu. N'ngesema n'ni?"

Vidole vyangu bado vina ganzi, lakini hilo nililihisi. Nikamwambia huenda siyo, yako mambo mengi tumboni, lakini kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wangu, mimi na yeye, na hatumwambii mtu kwamba tunakwenda kumtazama Mwanaidi.

Asubuhi nilimgongea. Alikuwa tayari ndani ya buibui lake, macho mekundu, na mkononi ameshika kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Cha n'ni hicho?"

"Vileja," akasema. "Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."

Nikakipokea, nikamshika mkono kwa mkono wangu mwingine, tukashuka ngazi.